Mkrismasi wa Nyumbani kwa Bibi: Asili Yake na Majina Yake

Kamati ya kuandaa mkutano wa ukoo imenitaka niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki, kama ilivyo desturi yetu. Katika vijitabu vilivyotangulia ndugu zangu wameandika juu ya nasaba yetu, juu ya safari za majahazi, na juu ya nyumba tulizoziacha Unguja. Mimi nimechagua kuandika juu ya mti, na ninazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni wajukuu zetu. Waliozaliwa Maskati, London, Toronto na kwengineko huliona ua jekundu katika picha za zamani za ukoo, nao huuliza ni ua gani. Wanastahiki kujibiwa sawasawa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Wengi wenu mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita, hapa Maskati, lilitolewa pendekezo kwamba ua la mti uliokuwa mbele ya nyumba ya Bibi liwe alama ya jumuiya yetu. Hakuna aliyelipinga ua. Ubishi ulizuka juu ya jina litakaloandikwa chini yake. Binti wa Shangazi, aliyesafiri kutoka Dar es Salaam, alisema paandikwe "mkrismasi", kwa kuwa ndivyo mti ule ulivyoitwa nyumbani. Ami yetu mkubwa akasema jina hilo haliingii katika kijitabu cha ukoo wa Kiislamu. Ndugu yetu wa Mombasa akasema mti ule ni mjohoro. Mwengine akasema ni flamboyant, mwengine gulmohar, na ukumbi ukajaa maneno.

Lau yangekuwa ni maneno ya mti tu, yangekwisha kwa kicheko. Lakini marehemu mume wa binti wa Shangazi alikuwa Mkristo, na watoto wao wanasali kanisani. Kila aliyekuwemo ukumbini alifahamu kwamba neno la Ami lilikuwa limeuvuka mti na kumfikia yeye. Aliondoka kabla ya chakula cha usiku, na mpaka ninapoandika maneno haya hajaijibu barua ya mwaliko wa safari hii.

Nami nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Nimesomesha elimu ya mimea kwa miaka thelathini, na nilikuwa nayo ya kusema, lakini nilinyamaza kwa kumstahi mkubwa wangu. Kurasa hizi ni maneno niliyopaswa kuyasema siku ile.

Umbo la mti

Nianze na mti wenyewe. Mkrismasi ni mti wa jamii ya mikunde, jamii moja na mkwaju, kunde na choroko. Haurefuki sana; mara nyingi husimama baina ya mita 10 na 15. Lakini matawi yake hutanda kama mwavuli, hata upana wa kivuli ukaushinda urefu wa mti. Gome lake ni la kijivu, na shina likikomaa hutokeza mbavu pana penye ardhi. Mizizi yake hupita juu juu wala haizami sana, ndiyo sababu mafundi hawapendi upandwe karibu na ukuta. Wanaoikumbuka baraza ya Bibi wataukumbuka na ule ufa uliokuwa ukizibwa kila mwaka.

Jani lake lataka kutazamwa kwa makini. Lile linaloonekana kama kijitawi chenye majani mengi kwa hakika ni jani moja tu, lenye urefu wa sentimita 30 hadi 50. Uti wa jani hutoa vijiti viwili viwili, kila kimoja kikikabiliana na mwenzake, na kila kijiti hubeba vijani vidogo vidogo vilivyopangika vivyo hivyo, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita moja hivi. Jani limegawanyika mara mbili, na vijani vyake ni mamia kwa mamia. Jua likizama vijani hujikunja, na asubuhi hufunguka tena. Mahali penye kiangazi kikali mti hupukutisha majani yake yote, na mara nyingi maua hutangulia kabla majani mapya hayajakamilika.

Hapo ndipo ninapoweza kumjibu ndugu yetu wa Mombasa. Mjohoro ni mti mwengine, japokuwa wapo wanaouita mkrismasi kwa jina hilo. Mjohoro una maua ya manjano, na jani lake limegawanyika mara moja tu, lenye vijani vikubwa. Ulitoka Asia na ukapandwa kwetu kwa ajili ya kivuli, kuni na nguzo. Asiyeona maua na atazame jani: likiwa limegawanyika mara moja huenda ni mjohoro, likiwa limegawanyika mara mbili hauwi mjohoro kabisa.

Sasa tufike kwenye ua, ambalo ndilo tulilotaka kuliweka juu ya jalada. Ua lina sepali tano nene, kijani kwa nje na nyekundu kwa ndani. Juu yake zipo petali tano, kila moja ikiwa na kikonyo chembamba chini na kupanuka juu mfano wa kijiko. Petali nne ni nyekundu za moto. Ya tano husimama wima, ni kubwa kidogo kuliko wenzake, nayo ina weupe au umanjano uliotiwa madoadoa mekundu. Katikati zimo stameni kumi, ndefu na nyekundu, zenye vichwa vya chavua.

Sisi watoto wa ua ule tulizijua stameni kabla ya kujua kama zina jina. Tulizikamatisha vichwa, mmoja akavuta huku na mwenzake akavuta kule, na ambaye stameni yake imekatika kichwa ndiye aliyeshindwa. Baada ya maua huja maganda marefu, bapa, yanayoweza kufika sentimita 60. Yakikauka huwa meusi na magumu kama ubao, na mbegu zikishalegea ndani, ganda likitikiswa hulia kama kayamba. Binti wa Shangazi niliyemtaja ndiye aliyekuwa akitupigia kayamba hizo, sisi tukicheza. Alikuwa na miaka kumi, nami nilikuwa na kumi na mbili.

Mti ulikotoka

Baadhi yetu tulilelewa tukidhani kwamba mti huu uliletwa na Wazungu kutoka kwao. Sivyo. Mkrismasi ni mti wa Bahari yetu ya Hindi. Asili yake ni Madagascar, kisiwa ambacho majahazi ya pwani yetu yamekuwa yakikiendea kwa karne nyingi.

Wa kwanza kuueleza kwa njia ya kitaalamu alikuwa Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Bohemia mwaka 1795 na kufariki Mauritius mwaka 1856. Aliuona katika pwani ya mashariki ya Madagascar, karibu na Foulpointe, ukiwa umepandwa na watu. Bojer huyo huyo alifika pia pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1824, akakusanya mimea katika sehemu zetu, Unguja ikiwemo. Wakati huo Sayyid Said bin Sultan alikuwa akitawala kutoka Maskati, na mikarafuu ya Unguja ilikuwa bado michache. Mkarafuu nao, tukumbuke, ni mgeni: asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulitufikia kwa njia ya visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika bahari hii hii. Leo nani atathubutu kusema kwamba karafuu si yetu?

Jambo la ajabu ni kwamba mkrismasi ulienea duniani kabla watu hawajajua kwao hasa ni wapi. Mbegu zake zilipelekwa Mauritius, India, visiwa vya Karibi na Marekani, ukawa mti wa barabarani na wa bustani katika kila nchi yenye joto. Na kwa muda wote huo wataalamu hawakuwa wameuona ukiota wenyewe mwituni. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo ulipokutwa katika misitu mikavu ya magharibi ya Madagascar, kwenye majabali ya chokaa yenye ncha kali. Misitu hiyo inapungua kwa moto na kwa ukataji wa miti ya makaa. Mti unaochanua katika maelfu ya miji umebakiwa na mahali padogo panapoweza kuitwa kwao.

Wala hauko peke yake katika ukoo wake. Ndugu zake wengi wamebakia Madagascar, lakini mmoja, mwenye maua meupe yanayogeuka manjano yanapozeeka, huota mwituni katika Afrika ya Mashariki na pia katika Bara Arabu. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kumweleza mke wangu.

Majina ya wataalamu

Mwaka 1829 mti huu ulitangazwa huko Uingereza kwa jina la Poinciana regia. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "ya kifalme". Neno la kwanza linatokana na de Poincy, aliyekuwa gavana wa visiwa vya Wafaransa vya Karibi katika karne ya 17. Gavana huyo hakuwa na uhusiano wowote na mti wetu. Jina lake lilikuwa limekwisha kupewa kichaka kidogo cha Karibi chenye maua yanayofanana kidogo na ya mkrismasi, na mti wa Madagascar ukatiwa katika fungu hilo kwa ajili ya mfanano. Hata hivyo, katika Marekani mpaka leo watu huuita poinciana.

Mwaka 1837 mtaalamu mwengine, Constantine Rafinesque, aliutoa katika fungu hilo na kuupa jina la Delonix. Jina hili limetungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kuonekana wazi na jengine lenye maana ya kucha, kwa sababu ya vile vikonyo vyembamba vya petali nilivyovieleza. Kwa hivyo jina kamili la kitaalamu ni Delonix regia. Rafinesque mwenyewe alizaliwa Istanbul, baba yake Mfaransa na mama yake wa asili ya Kijerumani, naye alifia Philadelphia. Basi mti wa Madagascar umepewa majina yake na mtu wa Bohemia aliyezikwa Mauritius, na mtu wa Istanbul aliyezikwa Marekani. Wajukuu zetu wasidhani kwamba kutawanyika kumeanza na sisi.

Majina ya watu

Watu hawakuwangoja wataalamu. Waliosema Kifaransa waliuita flamboyant, yaani wenye kuwaka kama ndimi za moto, na jina hilo likachukuliwa na Waingereza na Wahispania wa Puerto Rico. Majirani zetu wa Kihindi na Kipakistani hapa Ghuba huuita gulmohar, na gul kwa Kifarsi ni ua. Wavietinamu wameufananisha na mkia wa ndege wao wa hadithi. Kila taifa limetazama jambo moja katika mti, likaacha mengine.

Mswahili naye ana desturi yake ya kuipa miti majina. Mara nyingi huchukua jina la tunda au ua akaliwekea m- mbele: nazi na mnazi, embe na mwembe, karafuu na mkarafuu, langilangi na mlangilangi. Jina la kitu likiwa geni, hulichukua hivyo hivyo likaingia katika ngeli yetu na kuvaa nguo zetu. Karafuu ni neno la asili ya Kiarabu. Langilangi limetoka Ufilipino. Mkrismasi hauna tunda la kuliwa wala ua la kuuzwa sokoni, na kwa hivyo watu wa kwetu walikitazama kitu kilichobakia: wakati. Mti huu katika upande wetu wa dunia huanza kuchanua baina ya Novemba na Disemba, na Disemba inapokwisha huwa mwekundu wote. Basi wakauita kwa siku inayojulikana katika mwezi huo.

Kwa nini wasiuite kwa sikukuu ya Kiislamu? Jawabu lake ni la hesabu. Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwezi, na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hivyo Idi huzunguka: mara huangukia katika masika, mara katika kipupwe, mara katika kaskazi, na huchukua kadiri ya miaka thelathini na tatu kurudi pale pale. Hakuna mti unaoweza kuzunguka namna hiyo. Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri sana. Ibada waliihesabu kwa mwezi, lakini kilimo na safari za bahari waliihesabu kwa mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, ambao kumbukumbu yake bado iko Makunduchi kila mwezi wa Julai katika Mwaka Kogwa. Hakuna aliyeambiwa kwamba dini yake imepungua kwa kuihesabu Nairuzi.

Krismasi nayo ilikuwa siku isiyohama. Wakati wa himaya ya Waingereza, tangu 1890 hata 1963, ofisi za serikali zilifungwa siku hiyo na watoto walikuwa likizoni. Kengele za kanisa la Mkunazini, lililojengwa katika miaka ya 1870, zilisikika na Waislamu na Wakristo sawasawa. Ilikuwa ni alama ya majira kwa kila mkaazi wa mji. Ushahidi kwamba jina hili ni la majira tunao sisi wenyewe tuliohama: huku Maskati mti ule ule huchanua Mei na Juni, wakati wa joto kali, na Florida vivyo hivyo. Mtoto wa Maskati akiambiwa kwamba mti huo ni mkrismasi atashangaa. Jina hilo lina maana pale nyumbani tu, na kwa sababu hiyo hasa ndilo jina la nyumbani.

Jina alilolisema Bibi

Sasa nitaje ninalolikumbuka. Bibi hakusoma skuli. Alihitimu Kurani akiwa msichana, hakuwahi kuiacha sala ya alfajiri, na funga za sunna alizifunga mpaka akazeeka. Alikuwa akikaa barazani, upande ule wenye ufa, akiutazama mti. Mwisho wa vuli alipoliona ua la kwanza alikuwa akisema, "Mkrismasi umeanza, kaskazi hiyo, wageni waja." Wageni aliowakusudia ni jamaa waliokuja na majahazi kutoka huku Omani kwa pepo za kaskazi. Akiliona ua hilo hutoa magodoro ya akiba yaanikwe juani. Nimesikia akisema hivyo kila mwaka wa utoto wangu, naye Ami, aliyekuwa kijana katika nyumba ile ile, amesikia kabla yangu mimi.

Mara ya mwisho kuuona mti ule ukichanua ilikuwa Disemba ya 1963. Ulikuwa bado una maua tarehe 12 Januari 1964, siku ya mapinduzi. Yaliyofuata kila nyumba inayajua kwa upande wake, na si kazi ya kurasa hizi. Niliporudi Unguja mwaka 1985 nyumba ilikuwa na wenyewe wengine, na mahali pa mti palikuwa na kibanda cha matofali. Ufa wa barazani ulikuwapo. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na katika maneno aliyoyasema kila siku machache tu ndiyo tuliyoyahifadhi. Moja ni hilo jina la mti. Tukilifuta kwa kuona haya, hatutakuwa tumeilinda dini ya Bibi. Tutakuwa tumemsahihisha Bibi, naye hayupo wa kujibu.

Kabla ya kupeleka kurasa hizi kupigwa chapa nilikwenda kumsomea Ami, ambaye sasa amepita miaka tisini na macho yake hayamsaidii. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. Nilipofika kwenye magodoro alinyanyua mkono, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama alikuwa akisema hivyo." Nikamuuliza niandike nini chini ya ua. Akanijibu, "Andika alivyosema mama. Na yule mtoto mwambieni aje."

Nimempelekea binti wa Shangazi nakala ya kurasa hizi pamoja na maneno hayo ya Ami. Jibu lake bado sijalipata. Jina lake nimeliacha katika orodha ya wageni, na chumba chake kipo nyumbani kwangu, upande wa wanawake.

Kwa wale watakaopenda kuupanda mti wenyewe, nitakuja mkutanoni na mbegu nilizoziokota chini ya miti ya barabarani hapa Maskati. Ganda la mbegu ni gumu sana, na maji baridi hayaliingii upesi. Mimina maji ya moto juu yake, ziache mbegu humo usiku kucha, na asubuhi zile zilizofura zitie katika udongo. Baada ya siku chache zitachipua. Walio katika nchi za baridi wapande katika chungu na kuuweka mti ndani ya nyumba, maana baridi ya barafu huuua. Huko huenda usichanue kamwe, lakini jani mtaliona, na jioni mtaliona likijikunja.

Nawaombea nyote safari njema, na Mwenyezi Mungu atukutanishe kwa salama.